Aliyetuchagulia Televisheni

Kwa miaka mingi, mtu wa mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, aliyetaka kununua televisheni hakulala vizuri mpaka yule mama awe ameiona kwanza. Hakuwa fundi. Hakujua kushika bisibisi, na waya mbili zikigusana alirudi nyuma kama watu wengine. Alikuwa mzalishaji, yaani mkunga, katika kituo chetu cha afya, na mji mzima ulimwita Mama Muzalishaji. Mimi, ambaye wanangu wanne walipokewa na mikono yake, sitampa jina lingine hapa. Habari za ukoo wake na mahali alipozaliwa waulizeni wengine. Ninachotaka kueleza ni jinsi alivyotazama.

Mwanamke mjamzito alipoingia kituoni, kabla salamu hazijaisha Mama alikuwa amekwisha kugeuza kiganja chake kwenye mwanga wa mlango, aone kama damu ipo au imepungua. Mtoto mchanga alibebwa hadi dirishani, kope likafunuliwa kwa kidole gumba, na weupe wa jicho ukachunguzwa kwa utulivu ambao walimu wenzangu hawaupi hata mtihani wa mwisho wa mwaka. Unjano ambao sisi tuliuona siku ya tatu, yeye aliuona siku ya kwanza. Siku moja nilimwona akimsimamisha barabarani muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, aliyekuwa na haraka, beseni kichwani, akamvuta kope la chini na kumwambia mbele za watu:

"We mama, damu yako imekuwa maji. Leo hauendi ku soko. Unaenda ku kituo."

"Na ndagala yangu?"

"Ndagala ilishakufa. We bado."

Yule mwanamke alicheka, na sisi tukacheka, lakini alikwenda kituoni.

Kutokana na mambo kama hayo watu walifikiri kwamba jicho lisilodanganywa na ngozi ya mtu halitadanganywa na kioo. Walianza kumchukua sokoni awachagulie vitenge. Alilowesha ncha ya kitambaa, akaisugua kwenye leso nyeupe, na rangi ikihama alikirudisha bila kueleza neno. Baadaye televisheni zilipoanza kufika kwa wingi, nyingine zikija kwa boti na nyingine zikitoka mji wa Uvira kwa gari, zote katika maboksi yenye picha za maporomoko ya maji, familia zilimwendea tena. Alikubali, kwa sharti kwamba dukani aseme yeye peke yake.

Duka lililojulikana kuliko mengine lilikuwa la Papa Saidi, mfanyabiashara mpole wa familia ya Kiislamu ya hapa mwambaoni. Kila skrini aliyowasha ilionyesha maua mekundu yanayofunguka polepole, samaki wa rangi ambazo ziwa letu halina, na matone ya maji juu ya majani. Wanunuzi walisimama midomo wazi. Mama Muzalishaji alinawa mikono kwa maji ya chupa yake kabla ya kugusa rimoti, kama anayejiandaa kuzalisha, kisha akaanza kuamuru, mnunuzi aliyemleta akiwa kando.

"Papa Saidi, toa ile maua."

"Mama, ile ni filamu ya kiwanda. Inaonesha nguvu ya televisheni."

"Ku nyumba ya uyu baba hakuna maua ya vile. Iko bibi yake, batoto na bashemeji. Tia sura ya bantu. Na tena toa ile rangi ya kujipamba."

Kwetu bantu ni watu na batoto ni watoto, na rangi ya kujipamba ni ule mpangilio mkali ambao kiwanda huuweka ili skrini ing'ae dukani. Alijua mahali pake katika menyu ya Kifaransa, neno la tatu kutoka juu, na alihakikisha limeondolewa. Baada ya hapo alichukua kiti cha plastiki, akakisogeza hadi ukutani, pembeni kabisa, akaketi huko na kutazama kutoka upande.

Jambo hili liliwashangaza wageni. Siku moja mkulima wa Lubondja, aliyeuza mavuno yake na kushuka mjini na mkewe, alisimama katikati ya duka na kusema picha ni safi.

"We unaona safi juu ya vile umesimama fasi ya chef," Mama alimwambia. "Bibi yako atakaa wapi?"

Fasi ya chef ni mahali pa mkubwa. Katika nyumba zetu viti vya mbele ni vya baba na wageni. Mama wa nyumba huketi pembeni, karibu na mlango wa kutokea jikoni, macho yakiwa kwenye picha na sikio kwenye sufuria. Skrini nyingi za bei ndogo zikitazamwa kutoka upande huo hufifia, nyuso zikawa za majivu.

"Lakini Mama," mkulima alijaribu, "bibi yangu haangaliaka sana."

"Haangaliaka juu ya vile pale anakaa haoni kitu! Mama, kuya ukae hapa. Angalia."

Yule mke alikuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akatazama. Kwa mara ya kwanza siku ile aliinua uso. Walinunua nyingine, iliyoonekana vizuri hata kutoka pale pembeni.

Nimesoma vitabu vya kutosha kuhusu haki ya mwanamke nyumbani, na nimevifundisha. Sijaona ukurasa uliofanya kazi ya kile kiti.

Kuhusu akili ya televisheni, yaani zile programu ambazo siku hizi huja ndani yake, alikuwa mkali hata kukosa adabu. Mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Kazimia alikuwa amenunua kwingine skrini pana kama mlango, yenye uwezo wa kuingia kwenye mtandao. Kila alipoiwasha ilidai kwanza ijisasishe, ikala vifurushi vyake vyote vya intaneti, ikazimika, na kesho yake ikadai tena. Filamu zilizokuwa kwenye flashi yake haikuzisoma. Alimletea Mama malalamiko hayo kama anayeleta mgonjwa.

"Inaniuliza jina na neno la siri," alisema.

"Inakuuliza jina? Ni nani alinunua mwenzake?"

"Ni mi, Mama."

"Basi iko na akili mingi, lakini haina kazi. Ingine siku utafute ile inasoma flashi yako na inakubali betri. Ile ya kukuuliza maswali, achia bapolisi."

Bei aliiuliza mwisho, na mnunuzi aliyeitaja mapema alinyamazishwa. "Ukishajua bei," alisema, "macho yako itaanza kukuongopea." Nimeona ukweli wa maneno hayo kwa watu wenye shahada. Mtu huambiwa kwamba kitu kimepunguzwa bei, na papo hapo kasoro zake hutoweka.

Lakini sitaki kumfanya mtakatifu. Alishika kinyongo kirefu. Hakuvumilia kupingwa, na dukani aliwakatiza wanaume na wanawake sawasawa, hata yule aliyetoa fedha akabaki kama mpita njia. Nyumbani kwake hapakuwa na televisheni. Alisema ni kelele, na kwamba mtu aliyekesha na bamama wenye uchungu hahitaji watu wengine wa kupiga kelele. Hata hivyo Jumapili alasiri, mpira ulipokuwa ukichezwa, ulimkuta amesimama kwenye dirisha la banda la video, mikono nyuma. Ukimsalimu, alisema anamngoja mtu. Sikuwahi kumuuliza ni nani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Karibu na wodi ya uzazi tuna nyumba ambamo wajawazito wa mbali hungojea siku zao. Wengine hutoka Lubondja. Wengine hushuka kutoka Minembwe, kwa miguu au nyuma ya pikipiki, wiki kadhaa kabla ya kujifungua, kwa sababu njia ile haimngoji mtu. Mama wa mwambao na mama wa milima hulala humo kwenye mikeka inayogusana. Kamati ya afya, ambayo mimi ni katibu wake, iliamua kuweka televisheni humo. Neema, muuguzi kijana, alikuwa ametengeneza filamu fupi kituoni kwetu kwa ridhaa ya wazazi: kiganja chenye damu ya kutosha na kiganja kilichopauka, mtoto mwenye afya na mtoto mwenye jicho la njano, ili wanawake wajifunze kuona hatari mapema na kukimbilia kituoni. Ikiwa skrini ingebadilisha rangi, wanawake wangefundishwa uongo.

Tulikwenda wanne kwa Papa Saidi: Mama, Neema, mimi, na rais wa chama cha bamama wauza samaki, waliochanga sehemu kubwa ya fedha. Papa Saidi aliwasha televisheni tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa na rahisi. Ya tatu ilikuwa na programu nyingi na bei yake ilitutoa jasho. Ya katikati ilikuwa ya kiasi, ilisoma flashi bila maswali na kutumia betri ya paneli ya jua moja kwa moja. Neema aliingiza filamu yake katika hiyo ya katikati. Mtoto mwenye afya akatokea, akilia kwa nguvu, ngozi yake imejaa damu. Wote tulitabasamu.

"Uyu mutoto iko na manjano," Mama Muzalishaji alisema.

Neema alinitazama. "Mama, uyu ndiye yule muzima. Mugonjwa anakuya nyuma."

"Naona manjano. Papa Saidi, televisheni yako ni mugonjwa."

Papa Saidi alileta rimoti. Alipunguza njano. Haitoshi. Akapunguza tena. Haitoshi. Akaongeza bluu, akaongeza bluu, mpaka yule mtoto, aliyekuwa akilia kwa afya mbele yetu, akawa na midomo na mashavu ya mtoto ambaye hapumui. Neema aliweka mkono kinywani.

"Sasa ndiyo," Mama alisema, akakaa vizuri kwenye kiti chake cha pembeni. "Sasa iko sawa. Ile ingine mbili hata usitie filamu. Bote bagonjwa."

Rais wa bamama alitazama paa. Papa Saidi alitazama mikono yake. Mimi, ambaye kila Jumatatu nawasimamisha wanafunzi mstarini na kuwahubiria juu ya kusema kweli hata mbele ya wakubwa, nilitoa fedha, nikapokea risiti, na kuibeba ile ya katikati katika boksi lake, rangi zikiwa vilevile. Niliita ukimya wangu heshima. Nilijua palepale kwamba ulikuwa woga.

Kesho yake asubuhi filamu ilionyeshwa katika nyumba ya kungojea. Mtoto wa bluu alipotokea, mwanamke mmoja wa Minembwe, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia sana, alisimama.

"Uyu mutoto amekufa?"

"Hapana, Mama, iko muzima," Neema alisema. "Ni rangi tu."

"Naona na macho yangu. Hapa batoto banakufa na munabapiga filamu."

Alianza kufunga kitenge chake na sufuria yake. Alitaka kupanda mlima siku ileile, kwa miguu, katika hali ile. Wengine wawili walisimama naye. Neema alirudisha rangi haraka, akamleta mama mzazi wa yule mtoto wa filamu, ambaye kwa bahati alikuwa amekuja kwa chanjo, akamweka mtoto mwenyewe, mnene na mwenye hasira ya njaa, mikononi mwa yule mwanamke wa Minembwe. Ndipo mzigo ukafunguliwa. Lakini jioni Mama Muzalishaji alipita, akasimama mlangoni, akauliza, "Nani ameharibu?" na kurudisha bluu kwa mkono wake.

Neema alinifuata shuleni. "Mwalimu, mi siwezi kumuambia. Ndiye alinifundisha kazi."

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Muzalishaji siku ya pili. Nilimkuta uani akichekecha unga wa muhogo. Alinipa kigoda. Nikasema yote bila kupumzika: mtoto, bluu, mzigo wa yule mwanamke, na kwamba kasoro haikuwa kwenye kioo.

Aliendelea kuchekecha.

"Mwalimu, umekuya kunifundisha kuangalia?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kuomba msamaha. Nilipaswa kusema pale dukani, nikanyamaza."

Chekeche ilisimama. Alichota unga kwa mkono, akanisogezea kiganja.

"Hii unga, we unaonaje?"

"Nyeupe, Mama."

"Nyeupe ya namna gani?"

"Kama karatasi."

Aliutazama kwa muda mrefu. "Mi naona kama ya mahindi ya manjano. Tangu mvua ya mwaka jana. Nimegombana na benye mashine ya unga babili, nikasema banachanganya. Niko natembea mbali sana sasa kwenda ku mashine ya tatu." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Na batoto, Mwalimu... mi nilikuwa namupa Neema abapeleke ku dirisha. Nilisema ni kumufundisha. Nilijua. Mutu anajuaka."

Nilimweleza nilichosoma: kwamba ugonjwa wa mtoto wa jicho hupitisha mwanga kama kioo kichafu, kwamba hufanya weupe uwe wa njano, na kwamba Bukavu hupasuliwa na watu wakaona tena. Alinikatiza.

"Na bakipasua, na jicho ikakufa? Mi bila macho ni nani? Bazee ba hapa bako na mashamba, bako na mitumbwi. Mi niko na hii tu."

Ahadi ya uponyaji si yangu kuitoa, na nilikuwa nimekwisha kuchoka na uongo wa heshima. Nikamwambia kweli kwamba sijui.

"Ule mama wa Minembwe," aliuliza, "alifunga mizigo kabisa?"

"Kabisa. Alikuwa ameshafika mlangoni."

Aliurudisha unga kwenye chekeche, akakung'uta mikono. "Basi nitaenda."

Wauza samaki walimlipia safari. Alipanda boti hadi Uvira, na kutoka huko gari hadi Bukavu, Neema akiwa pembeni yake. Walimpasua jicho la kushoto kwanza, na daktari akasema la kulia lingoje miezi michache. Yule mwanamke wa Minembwe alijifungua mtoto wa kike Mama akiwa bado safarini. Wote wawili wazima.

Mara ya mwisho ambayo nataka kuiandika hapa ni Jumamosi moja, wiki chache baada ya kurudi kwake. Nilikuwa kwa Papa Saidi natafuta betri ya taa. Ni lazima niseme kwamba duka lilikuwa limepoa. Yale maneno ya Mama, kwamba televisheni za Papa Saidi ni wagonjwa, yalikuwa yamezunguka mji mzima, na yeye, kwa upole wake, hakuwahi kumjibu mtu wala kutangaza ugonjwa wa mama mzee ili kuokoa biashara yake. Siku ile, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, watu walikuwa wengi barazani, lakini wengi walikuwa wamekimbia jua tu, si kununua.

Mama Muzalishaji aliingia akiwa amevaa miwani nyeusi. Hakumsalimu mtu. Alisimama katikati, fasi ya chef, akavua miwani na kusema kwa sauti aliyozoea kuitumia wodini:

"Munisikie. Mi nilisema televisheni ya uyu baba ni bagonjwa. Nilikosa. Ilikuwa macho yangu. Ya kwake iko muzuri, yote tatu, kila moja na bei yake. Papa Saidi, nakuomba pole mbele ya bantu."

Papa Saidi alishika meza. "Mama, ilikwisha zamani."

"Haijaisha. Walisikia ubaya na masikio mingi. Basi na hii wasikie na masikio mingi."

Mtu mmoja barazani akacheka kwa furaha, na wengine wakafuata. Kijana mmoja na mkewe, waliooana karibuni, wakasogea. Mume aliuliza kwa aibu kama Mama anaweza kuwasaidia kuchagua.

Nilingoja awanyamazishe kama desturi yake. Badala yake alimtafutia yule mke kiti, akakiweka pembeni, karibu na ukuta, akasimama nyuma yake. Papa Saidi aliwasha tatu za aina zilezile na kuweka sura za watu.

"Mi niko na jicho moja nzima," Mama alisema. "We uko nayo mbili. Sema we kwanza."

Yule mke alimtazama mumewe, akamtazama Mama, akaona kwamba kweli anangojwa. Alichukua muda wake. Kisha akanyoosha kidole kwenye ya kwanza.

"Ile inafanya sura ya ule mama kuwa nyekundu. Ya mwisho iko muzuri, lakini ile ya katikati ndiyo naona kama bantu kabisa."

Mama Muzalishaji aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa yule binti, akatazama ya kwanza, akatazama ya mwisho, akaishia kuitazama ya katikati. Nilimwona akipepesa lile jicho jipya mara mbili, polepole.

"Hata mi," alisema. "Hata mi naona vile."